Nyama ya Moto Mdogo

Kilo moja, nimeinunua Majengo kwa Mbeleje,
nyama ya mkono, yenye mafuta kiasi.
"Isage mara mbili," nikamwambia,
umeme ukakatika katikati ya mara ya pili.
Basi nusu ni laini, nusu ina ubishi.
Nikaibeba hivyo hivyo.

Mimi ni fundi mwashi, nakiri mapema.
Mikono hii inajua saruji na mchanga,
moja kwa nne,
moja kwa nane ukitaka kumwibia tajiri.
Lakini saiti ya Nala leo imelala, boza la maji halikuja,
na Yunisi ana zamu ya usiku, wodi ya watoto.
Asubuhi atarudi na miguu iliyovimba,
atasema ameshakula,
na mimi nitajua kwamba ni chai ya rangi na karanga.

Saa nne usiku nawasha jiko.
Vitunguu vitatu vya Singida, vyekundu, vikali,
vinaniliza mbele ya mwanangu Sechelela
anayejifanya anasoma hesabu.
"Baba, unalia?"
"Napima mchanganyiko."

Mafuta ya alizeti, kisha nyama.
Iache ikauke maji yake yenyewe,
iache inung'unike, igeuke rangi ya udongo wetu
baada ya mvua ile moja ya Desemba.
Nyanya sita, karoti ya kukwaruza,
kitunguu saumu, bizari, pilipili manga,
siki kijiko, sukari nusu kijiko
(hii siri ni ya mama mkwe, ambaye hajui kama naijua).
Halafu unaufukia mkaa kwa majivu,
unafunika sufuria, unaweka tofali juu ya mfuniko.
Tofali ndilo la kwangu. Mengine yote nimefundishwa.

Saa sita, upepo wa Dodoma unabisha bati.
Harufu imeshatoka bila ruhusa,
imeruka ukuta, imemwamsha Mama Chilewa:
"Jirani, kuna msiba?"
Maana nani anapika nyama usiku wa manane
kama hakuna turubai na viti vya kukodi?
"Hakuna msiba, mama. Mke wangu ana njaa."
Kimya.
Kisha nasikia akicheka, na mlango wake ukifungwa,
na akimwambia mumewe jambo
ambalo nadhani mumewe hakulipenda.

Nakoroga. Nalala kwenye stuli. Nakoroga.
Zege ukilichelewesha linakufa mkononi,
hii ukiichelewesha ndiyo inapata akili.
Ile nusu yenye ubishi imekubali saa tisa.
Mchuzi umeshikana, mwiko unasimama wenyewe
kama nguzo iliyoshika kweli.

Saa kumi na mbili nazipasua skonzi za jana,
nazipanga juu ya mfuniko zipate joto,
kabichi nyembamba, chumvi, ndimu.
Sechelela anaweka ya kwake kwenye kopo la shule,
anaongeza ya pili, eti ya mwalimu.
Mwalimu gani, siulizi.

Yunisi anaingia saa moja na nusu.
Hakai. Anakula akiwa wima karibu na mlango,
na gauni lake jeupe, na saa imening'inia kifuani,
anakula kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.
Ya kwanza imekwisha hajasema neno.
Katikati ya ya pili ananiambia:
"Yule wa kitanda cha sita,
saa kumi alfajiri ameomba uji."
Anatafuna.
"Ameomba mwenyewe."

Mchuzi unamchuruzika mkononi,
unadondoka juu ya gauni, doa pana, jekundu la nyanya.
Anataka kulifuta, namshika mkono.
Kula, namwambia.
Hilo nitalifua mimi,
maji yakija.